Petroli ya Injini ya Boti Ziwani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Daraja na Kukwepa Ethanoli

Injini ikizima katikati ya Ziwa Albert saa tisa usiku, upepo umeanza kushuka kutoka milima ya upande wa Kongo, hakuna fundi wa kumpigia simu. Utamulika plagi kwa tochi ya simu, utavuta kamba mpaka bega liume, halafu utashika kasia. Mara nyingi sana tatizo hilo halikuzaliwa ziwani. Lilizaliwa mchana, pale mwaloni, petroli ilipomiminwa kwenye jerikeni ambalo hakuna aliyechungulia ndani yake.

Mwongozo huu ni wa wenye injini za nje za mipigo miwili, zile za nguvu farasi 8, 15, 25 na 40 zinazosukuma boti za mbao hapa Uganda, kuanzia Majanji hadi Kalangala kwenye Ziwa Victoria, na kuanzia Ntoroko hadi Panyimur kwenye Ziwa Albert. Wengi wetu tukiingia kituo cha mafuta swali la kwanza ni kama tununue petroli ya kawaida au ile ya bei ya juu. Kwa injini hizi, swali hilo ni dogo kuliko tunavyodhani. Yanayoziua ni maji, petroli iliyokaa, petroli iliyochakachuliwa na oili isiyotosha. Ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye petroli, inakuza matatizo ya maji na ya oili kwa wakati mmoja, ndiyo maana nimeipa nafasi kubwa hapa.

Kwanza, jua injini yako inataka okteni gani

Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli: inakubali kubanwa kiasi gani ndani ya silinda kabla ya kujiwakia yenyewe bila kungoja cheche ya plagi. Haipimi nguvu. Petroli ya okteni ya juu haiongezi mbio kwenye injini ambayo haikuihitaji. Ila okteni ikiwa chini ya mahitaji ya injini, mchanganyiko hulipuka mapema pistoni ikiwa bado inapanda, na utasikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukiuacha mlio huo uendelee kwa mzigo mkubwa, kichwa cha pistoni kinaweza kuliwa au kutoboka.

Fungua kitabu cha injini kwenye ukurasa wa mafuta. Kama kitabu kilipotea zamani, tafuta kile cha modeli yako mtandaoni kwa kutumia namba iliyo kwenye kibati cha mabano yanayobana injini kwenye boti. Injini ndogo za mipigo miwili zilizotengenezwa kwa kazi ya uvuvi zimebuniwa kutumia petroli ya kawaida isiyo na risasi. Mgandamizo wake si mkubwa.

Hapa watu wengi huchanganywa na namba. Duniani kuna vipimo viwili vya okteni vinavyoandikwa kwenye pampu. Sisi wa Afrika Mashariki, pamoja na Ulaya, tunatumia kile kiitwacho RON. Marekani na Canada hutumia wastani wa RON na kipimo kingine, na namba yao hutoka ndogo. Namba 87 ya pampu ya Marekani inakaribiana na RON 91, na 91 yao inakaribiana na RON 95 au 96. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa kwa soko la Marekani kikidai 87, usiingiwe na hofu wala usifurahie kupita kiasi: badilisha namba kwanza.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu ethanoli na injini za mipigo miwili umeandikwa na wenye pikipiki za theluji wa Canada na Marekani ya kaskazini. Usiudharau. Injini zao na zetu ni za ukoo mmoja, zote zinalainishwa na oili inayopita pamoja na petroli. Lakini za kwao nyingi zina mgandamizo mkubwa, huzungushwa kwa kasi kubwa kwenye baridi kali, na baadhi zina kompyuta inayoambiwa kama petroli ina ethanoli au haina ili ipange kiasi cha mafuta. Yetu ina kabureta yenye tundu la ukubwa mmoja tu. Haijui kilichomo kwenye tangi. Wewe ndiye utakayejua kwa niaba yake.

Mwinuko nao una neno lake. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bunyonyi iko juu zaidi, karibu mita 1,960. Hewa huko ni nyepesi, mgandamizo wa kweli ndani ya silinda hupungua, na injini hudai okteni kidogo kuliko ingedai Mombasa. Ziwa Albert liko chini, kwenye mita 620 hivi, na kuna joto. Ukiihamisha injini iliyopangwa Bunyonyi kwenda Butiaba kwenye Ziwa Albert, hewa inakuwa nzito zaidi huku petroli inayopita kwenye jeti, lile tundu la kabureta, ni ileile, na mchanganyiko unakuwa mkavu zaidi ya ulivyokuwa, yaani hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Fundi aangalie kabureta kabla hujaanza kubebesha mizigo.

Sasa zile petroli za bei ya juu zenye majina ya kupendeza kwenye vituo vya mijini. Nyingine huwa na dawa za kusafisha na hazidhuru injini. Ila kwa mashine ya mgandamizo mdogo naona ni afadhali fedha hizo za ziada ununulie oili bora, na faida utaiona kwenye ringi na kwenye plagi. Pia usidhani kwamba okteni ya juu maana yake hakuna ethanoli. Ethanoli yenyewe ina okteni ya juu, RON yake inapita 100, na mahali pengi duniani inatumika hasa kupandishia okteni ya petroli. Namba iliyo kwenye pampu haikuambii lolote kuhusu hilo.

Ethanoli inafikaje kwenye jerikeni lako

Petroli ya Uganda huingia kutoka nje, sehemu kubwa ikipitia Mombasa, kisha kwa bomba hadi magharibi ya Kenya, na kutoka hapo kwa malori kupitia Malaba na Busia. Tangu Julai 2024 shirika la taifa la mafuta, UNOC, ndilo mwagizaji pekee. Upande wa pili, ethanoli tunaitengeneza wenyewe kutokana na molasi ya miwa. Kakira, karibu na Jinja, wana kiwanda chake.

Serikali imetaka mambo haya mawili yakutane kwa muda mrefu. Sera ya nishati jadidifu ya mwaka 2007 ilizungumzia kuchanganya hadi asilimia 20 kwenye petroli, na mwaka 2020 ikaja sheria ya nishati ya mimea iliyoweka utaratibu wa kisheria. Kwa nchi yenye miwa kama yetu nia hiyo ina mantiki, na magari ya kisasa hayana tabu na kiasi kidogo. Injini ya boti ya mipigo miwili yenye kabureta ndiyo yenye tabu. Vitabu vya watengenezaji wakubwa wa injini za boti huruhusu ethanoli isiyozidi asilimia 10. Juu ya hapo dhamana na usalama wa injini vyote vinaondoka. Ndiyo maana mwenye boti anapaswa kujipimia, bila kungoja tangazo.

Kwa nini injini za mipigo miwili ndizo zinazoumia

Ethanoli hupenda maji. Petroli tupu haipatani na maji: tone likiingia kwenye tangi linazama, linakaa chini, unaliona na unalimwaga. Ukiweka ethanoli, maji yanayeyuka humo na hayaonekani, mpaka yafikie kikomo. Kwa petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, kikomo hicho ni karibu nusu ya asilimia moja. Piga hesabu kwenye jerikeni la lita 20: ni mililita 100 hivi, kikombe kidogo cha chai. Wimbi moja likiruka na kuingia kwenye tangi lisilofungwa vizuri, tayari.

Kikomo kikipitwa, ethanoli inaiacha petroli na kuungana na maji. Tangi linakuwa na tabaka mbili. La juu ni petroli iliyopoteza ethanoli yake na kwa hiyo imeshuka okteni. La chini ni maji na ethanoli. Oili uliyochanganya hubaki juu pamoja na petroli, maana oili haiyeyuki ndani ya maji. Na mpira wa kunyonya mafuta uko wapi? Uko chini kabisa ya tangi.

Kwenye injini ya mipigo minne, kama ya boda, oili inakaa kwenye hazina yake ndani ya injini. Tabaka la chini likiingia kabureta, injini inakohoa na kuzima, basi. Kwenye mipigo miwili, oili pekee inayofika kwenye beringi na kuta za silinda ni ile iliyomo ndani ya petroli. Injini ikinyonya tabaka la chini na likaendelea kuwaka japo kidogo, inazunguka bila kulainishwa. Pistoni inavimba kwa joto, inashika ukuta, injini inanoki. Ukiifungua utakuta mikwaruzo mirefu kwenye pistoni na alumini iliyoyeyuka ikagandamana na silinda.

Hata maji yasipokuwepo, kuna suala la hewa. Petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili iungue sawasawa, ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Mchanganyiko wa asilimia 10 unahitaji karibu 14.1. Jeti ya kabureta haijui hayo, inapitisha kiasi kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkavu kwa kama asilimia 4, na injini inafanya kazi ikiwa na joto zaidi. Kama kabureta ilikuwa tayari imeziba kidogo kwa uchafu, ukavu huo mdogo ndio unaomalizia. Nguvu nayo inapungua kwa asilimia 3 hivi kwa kila lita, kwa hiyo safari ileile inakula petroli zaidi. Hesabu akiba ya kurudi ukijua hilo.

La mwisho ni mipira. Ethanoli hulainisha na kuvimbisha mipira ya zamani, na huyeyusha utando wa petroli iliyokauka ndani ya matangi ya miaka mingi. Uchafu huo wote huelekea kwenye kabureta.

Kipimo cha chupa

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu. Gharama yake ni ndogo kuliko plagi moja, na mtu yeyote anaweza kukifanya.

Nunua chupa ya plastiki ya kunyonyeshea mtoto, ile ya mililita 240 au 250 yenye mistari ya vipimo ubavuni. Toa chuchu, utupe. Andika PETROLI kwa kalamu ya wino mzito na utoboe shimo juu ya kifuniko cha nje, ili hata mtu asiyejua kusoma aone kwamba hii si chupa ya mtoto tena. Isirudi nyumbani kamwe. Kata kipande cha nailoni ngumu cha kuziba mdomo chini ya pete ya kufungia.

Fanya kipimo nje, kivulini, mbali na jiko la mkaa, sigara na simu inayochajiwa. Petroli iwe bado haijatiwa oili.

Mimina maji safi mpaka mstari wa 40. Ukiyatia rangi ya chakula kidogo, yatasomeka kirahisi zaidi. Kisha mimina petroli polepole juu yake mpaka mstari wa 240. Sasa una mililita 40 za maji na 200 za petroli. Funga, geuza chupa juu chini kwa dakika moja, halafu legeza pete taratibu utoe mvuke uliojikusanya. Funga tena, utikise kidogo, na uiweke mahali palipo sawa. Subiri dakika kumi. Mwanzoni yote yatakuwa na ukungu, usisome bado. Ukungu ukiisha, inama mpaka macho yawe usawa wa mstari unaotenganisha maji na petroli.

Mstari ukibaki kwenye 40, petroli haina ethanoli. Ukipanda hadi karibu na 50, ina asilimia 5 hivi. Karibu na 60, ni asilimia 10. Ukikaribia 80, ni asilimia 20, na petroli hiyo usiiweke kwenye injini ya boti kwa hali yoyote. Kinachotokea ni kwamba ethanoli imetoka kwenye petroli ikahamia kwenye maji, na tabaka la maji likanenepa. Kipimo si cha maabara, kinaweza kukosea kwa asilimia moja au mbili, lakini hakikosei baina ya sifuri na kumi, na hilo ndilo unalotaka kujua.

Rudia kipimo kila unapobadilisha kituo, na kila unaposikia lori jipya limeshusha. Petroli uliyotumia kwenye kipimo usiirudishe tangini: imelowa.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kuosha petroli yote kwa njia hiyo, watoe ethanoli kwa maji na kubaki na petroli tupu. Msifanye hivyo. Petroli inayobaki imeshuka okteni, ina unyevu, na mmebaki na ndoo ya maji yenye sumu yanayowaka moto. Hakuna faida hapo.

Mafuta ya taa ni adui mwingine, na chupa haimwoni

Kipimo cha chupa kinafichua ethanoli na maji tu. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa itapita bila kugunduliwa. Mafuta ya taa hushusha okteni vibaya, huleta moshi na masizi, na plagi hulowa kila mara.

Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe safi na jingine pembeni kutoka kituo unachokiamini. Liache kivulini. Petroli nzuri huruka yote baada ya dakika chache na karatasi hubaki karibu kama ilivyokuwa. Tone lililobaki na doa la mafuta linalong'aa ukilielekeza kwenye mwanga, lina kitu kizito ndani yake. Jaribio hili nalo lifanyike kabla ya kutia oili, la sivyo doa utakalolisoma ni la oili yako mwenyewe.

Kununua na kubeba

Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi. Petroli inayouzwa haraka haipati muda wa kuchakaa wala kukusanya maji kwenye tangi la chini ya ardhi. Ukikuta lori linashusha, rudi baada ya saa kadhaa, maana ushushaji hutibua maji na tope lililotulia chini. Omba risiti, hata kama huna desturi hiyo.

Visiwani na kwenye mialo isiyo na kituo, petroli inafika kwa boti na kuuzwa kwa jerikeni au kwa chupa. Siwalaumu wauzaji wale: bila wao kazi ingesimama. Ila muulize ndugu yako maswali mawili: imetoka kituo gani, na imekaa hapa kwa muda gani? Kisha mwombe umimine kidogo kutoka chini ya jerikeni kwenye chupa inayopitisha mwanga. Maji yakiwapo utayaona yakitembea chini kama lulu ndogo zisizochanganyika, au petroli itakuwa na ukungu badala ya kung'aa.

Jerikeni la njano lililobeba mafuta ya kupikia halifai. Mabaki yale huganda kwenye kabureta, na plastiki yake haikutengenezwa kwa petroli. Tafuta lililotengenezwa kwa mafuta, lenye mpira mzima kwenye kifuniko. Ukiliosha, lioshe kwa petroli kidogo, si kwa maji na sabuni. Lijaze likiwa chini ardhini, si juu ya boti wala juu ya boda, kwa sababu ya cheche za umeme tuli. Na msinyonye petroli kwa mdomo. Ikiteleza mapafuni hata kidogo inaweza kuua. Tumieni pampu ya mkono, na funeli yenye chujio la wavu mwembamba.

Kuchanganya oili

Fuata kitabu. Injini nyingi za nje za mipigo miwili hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 20 kwa lita. Jerikeni la lita 20 linadai mililita 400, na tangi la lita 24 linadai 480. Injini mpya, au iliyobadilishwa pistoni na ringi, hudai mara mbili yake kwa saa kumi za mwanzo: sehemu 25 kwa moja, mililita 800 kwa lita 20.

Oili iwe na alama ya TC-W3 kwenye chupa. Alama hiyo ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji ya ziwa. Oili za pikipiki na misumeno huwa na alama za JASO FB, FC au FD, zimeundwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa. Oili ya gari ya mipigo minne haifai kabisa, inaacha majivu kwenye plagi na kwenye kichwa cha pistoni. Kuna anayesema anaongeza oili ili injini ilindwe zaidi dhidi ya ethanoli. Ukiongeza kupita kiasi, oili inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti na mchanganyiko unakuwa mkavu zaidi. Pima kwa kikombe chenye mistari, si kwa kifuniko cha chupa wala kwa macho.

Mimina nusu ya petroli, kisha oili yote, tikisa, halafu petroli iliyobaki, tikisa tena. Changanya ya siku moja au mbili tu. Jerikeni lililokaa usiku kucha litikise tena kabla ya kumimina.

Kama hakuna petroli nyingine ila yenye ethanoli

Ikiwa kipimo kimeonyesha asilimia 10 au chini yake, kazi inaweza kuendelea kwa uangalifu.

Anza na tangi lililo tupu na kavu. Hili watu hulisahau. Ukimimina petroli ya ethanoli juu ya mabaki ya zamani yenye maji chini, ethanoli huyachukua maji hayo papo hapo na tabaka linaweza kujitenga kabla hujaondoka mwaloni. Mwaga chote, pangusa, anika tangi, ndipo ujaze.

Weka chujio linalotenga maji kati ya tangi na injini, lile lenye kikombe cha kuonea chini yake, na uwe na jingine la akiba kwa wiki za mwanzo, maana uchafu wa zamani utayeyuka na kuja wote kwa pamoja. Kagua mpira wa mafuta na kile kipira cha kupampu kwa mkono. Ukiubonyeza ukakuta umelainika, unanata au una nyufa, badilisha. Mpira ulioandikwa SAE J30R9 unavumilia ethanoli vizuri kuliko ule wa bei rahisi unaouzwa kwa mita bila maandishi yoyote.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, fungua plagi. Rangi ya kahawia kama ya udongo mkavu ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, au yenye vitone vidogo vinavyong'aa vya alumini, ni onyo kwamba injini inaungua kavu. Usiendelee. Mpelekee fundi aoshe kabureta, na kama utatumia petroli hiyo kwa muda mrefu, aweke jeti kubwa yenye tundu pana kwa hatua moja.

Injini inapolala

Wavuvi wa mukene (dagaa) wanalijua hili kwa kalenda ya mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki, boti zinavutwa juu, na injini inakaa siku kadhaa bila kazi. Tangi likiachwa nusu, mchana hewa iliyomo hutanuka na kutoka kwa tundu la hewa, usiku hupoa na kuvuta hewa ya ziwa yenye unyevu. Siku baada ya siku, ethanoli inaunywa unyevu huo.

Kwa hiyo, siku ya mwisho kabla ya kulaza injini, chomoa mpira wa mafuta huku injini ikizunguka polepole ndani ya maji, iache imalize petroli iliyo kwenye kabureta mpaka ijizime. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta utoe kilichobaki. Funga tundu la hewa la tangi. Petroli iliyobaki iuze au itumie kwenye kitu kingine ndani ya wiki chache: yenye ethanoli isipite mwezi kwa joto letu. Dawa za kutunza petroli husaidia isichakae haraka, lakini tabaka likishajitenga hakuna dawa inayolirudisha.

Dalili ukiwa majini

Injini inayopandisha mlio yenyewe bila wewe kugusa mkono wa gesi, halafu inaanza kulegea, inaungua kavu. Rudisha gesi chini mara moja. Angalia kama maji ya kupoza yanatoka nyuma. Bonyeza kipira cha kupampu: kikiwa laini, mafuta hayafiki. Kama una jerikeni la pili la petroli unayoiamini, hamisha mpira humo, na rudi kwa mwendo wa chini. Injini ikishajikaza, usiilazimishe kwa kamba. Iache ipoe, na kama baadaye itazunguka, mimina oili kidogo kwenye matundu ya plagi kabla ya kuvuta.

Petroli uliyoitilia shaka usiimwage ziwani wala mchangani. Jaza chupa moja safi ya kioo, funga vizuri, andika tarehe na jina la kituo, iweke pamoja na risiti mahali penye kivuli. Wizara ya Nishati na shirika la viwango la UNBS wana mpango wa kuweka alama kwenye mafuta na kupima ubora wake vituoni, na malalamiko yenye risiti na sampuli hufuatiliwa kwa urahisi zaidi kuliko ya maneno matupu. Wavuvi watatu wa mwalo mmoja wakipeleka chupa tatu za siku moja, ni vigumu zaidi kwa kituo kusema kosa lilikuwa kwenye jerikeni.